Mwanzi wa Ua

Juzi nilialikwa harusini, hapa hapa Tabora, na mlangoni mwa ukumbi nikakuta vyungu viwili vikubwa vya saruji. Ndani ya kila chungu ulisimama mwanzi wa manjano wenye mistari ya kijani. Nilisimama palepale. Waalikwa waliokuwa nyuma yangu walinipita pembeni wakinung'unika, maana hakuna anayependa bibi kizee amzibie njia ya pilau. Kijana wa bustani aliyekuwa akimwagilia aliniona nimekodoa macho, akaja kunieleza kwa fahari kwamba ile ni mimea ya mapambo, imeletwa kwa lori kutoka Dar es Salaam. Nikamwuliza inaitwaje. Akasema ni bambuu. Nikamwuliza bambuu ya namna gani, naye akacheka kidogo, akasema ni bambuu ya mapambo tu, Bibi.

Nililishika shina. Ubaridi wake ulikuwa uleule, hata kwa jua kali la mchana. Pilau sikuila, na wale tuliokaa nao meza moja walidhani naumwa. Sikuwa naumwa. Nilikuwa nimerudi uani kwetu, mtaa wa Ng'ambo, mtoto asiye na meno ya mbele, nasubiri mwanzi utoe ua.

Nyumba yetu ilikuwa ya udongo, na nyuma yake palikuwa na ua mpana uliozungushiwa uzio wa mabua. Upande mmoja palikuwa na jiko, na upande wa pili kibanda cha kazi cha baba yangu, aliyekuwa seremala. Wenzangu wa rika langu mtaikumbuka harufu ya maranda ya mninga, ile harufu inayokaa kwenye nguo hata zikifuliwa. Katika pembe ya mwisho, karibu na choo, ndipo kilipokuwa kichaka cha mianzi. Kilikuwa kirefu kuliko paa la nyumba, na upepo ukivuma mashina yaligongana yakatoa sauti ya mtu anayebisha hodi taratibu. Mimi niliizoea sauti ile tangu mgongoni mwa mama. Bila hiyo nilikuwa silali vizuri.

Mwenye mianzi alikuwa Bibi, mama yake Baba. Alisema Babu alikuwa mpagazi, akaenda pwani na msafara, akarudi kwa njia ile ile ya wapagazi akiwa na mzigo uliofungwa kwenye mwanzi wa manjano. Alipofika alitua mzigo, akauchomeka mwanzi ardhini karibu na mtungi wa maji, akasahau. Ukachipua. Leo najua kwamba mti uliokauka mabegani njia nzima kutoka pwani hauchipui. Nadhani Babu alifungasha kipande cha shina na mizizi yake kwenye gunia bichi, akawa anakigawia maji yake ya kunywa, kwa sababu alikuwa ametoka kuoa na Bibi alipenda vitu vya kupendeza. Lakini nani angethubutu kumwambia Bibi hivyo?

Kisha vita vya kwanza vikaja, Babu akachukuliwa kubeba mizigo ya wakubwa, akaenda moja kwa moja. Hakuna aliyejua alikofia, wala kama alizikwa. Basi Bibi akaufanya ule mwanzi ndio kaburi. Kila asubuhi alipotoka kutawadha aliumwagia maji yaliyobaki, akaugusa kwa kiganja na kuuambia mwangaluka, salamu yetu ya asubuhi, kama anavyosalimiwa mtu mzima mwenye nyumba yake.

Ni yeye aliyenifundisha kuutambua. Alinionyesha kwamba mistari ya kijani haivuki fundo, kila pingili ina mistari yake, minene na myembamba, na ukitafuta pingili mbili zilizofanana utatafuta mpaka uzeeke. Alinikataza kushika maganda ya machipukizi, kwa kuwa yana vinyweleo vyeusi vinavyowasha. Nilivishika, nikajikuna hadi jioni, akanipaka majivu huku akinicheka. Mianzi ya porini, ile iliyoletwa mjini na watu wa kijiji cha Ipole, ilikuwa ya kijani tupu na ndani karibu imejaa. Wa kwetu ulikuwa na uwazi ndani. Bibi aliubisha kwa ukucha ukaitika, akasema mwanzi wa porini hauna cha kukwambia, lakini huu unasikia.

Watu wote wa mtaani waliuita mwanzi wa ua. Mimi nikawa nasubiri ua lake. Kila mvua zilipoanza nilikwenda kuangalia juu mpaka shingo ikauma, nikiwaza litakuwa la rangi gani. Siku moja nilichoka, nikamwuliza Bibi ua liko wapi. Alikaa chini kwa kucheka. Akanishika bega, akanizungusha nione uzio wa mabua, jiko, kibanda cha Baba, kuku, akasema ua si huu hapa umesimama ndani yake. Nilichukia kweli. Niliona wakubwa wamenidanganya kwa makusudi.

Vita vya pili vilipokuja walihitaji mafundi. Baba aliingia keya, jeshi la Waingereza, akiambiwa atakwenda kutengeneza masanduku na madaraja. Siku ya kuondoka Mama alilia jikoni kwa kisingizio cha moshi, na Bibi hakulia kabisa. Alikuwa ameshafanya kazi hiyo mara moja na hakutaka kuanza tena. Baba alinibeba hadi pembeni kwenye kichaka, akaweka mkono wangu kwenye shina moja jipya, akaniambia nilimwagilie mpaka arudi. Hakuna zaidi alilosema. Lakini mtoto hupewa neno moja akajenga nalo nyumba nzima.

Habari za Baba hazikuwa nyingi. Aliyetuletea za kweli alikuwa Ramadhani, jirani yetu, aliyeingia keya pamoja na Baba, akarudishwa mapema kwa jeraha la mguu. Alikaa kwenye kiti cha kamba, akanyoosha mguu wake mbovu, akasema Baba yuko Bama, ng'ambo ya bahari huko Asia, na kazi ya useremala ilikuwa imekwisha zamani, sasa anashika bunduki. Mama aliuliza nchi yenyewe ikoje. Ramadhani akatazama kule pembeni ya ua wetu, kisha akatazama sakafu. "Kule ni mianzi tu, shemeji," akasema. "Mianzi, mianzi, mianzi."

Mama aliufunika uso kwa khanga. Mimi nilitaka kupiga vigelegele. Baba yangu hakuwa ugenini kabisa; alikuwa katikati ya mianzi. Na Bibi si alikuwa ameniambia kwamba mianzi yote ni ndugu chini kwa chini, kwamba ukichimba utakuta mizizi imeshikana mikono, hata kama juu inaonekana mbalimbali? Alikuwa anasema habari za kichaka chetu. Mimi nilielewa habari za dunia nzima. Kulikuwa na kisiki kimoja kilichokatwa usawa wa kifua changu, kina tundu. Nikawa kila nikimaliza kumwagilia nainama, naweka mdomo kwenye tundu na kusema, "Shikamoo, Baba." Kisha naweka sikio. Upepo ukipita, tundu lilivuma kwa sauti nene, nami nikaridhika kwamba marahaba imefika.

Mwaka ule mvua zilikataa. Kisima cha mtaa kilitoa tope, wanawake wakawa wanapanga ndoo tangu alfajiri. Mama alioshea vyombo maji kidogo, yaliyobaki akanioshea miguu, na yaliyobaki hapo, meusi, yakaenda kwenye mwanzi. Majirani walisema. Mmoja alisema mbele yetu kwamba kuna nyumba watu wanakaukiwa koo wananywesha mapambo. Kuanzia hapo Bibi alipunguza maji yake mwenyewe. Nilimwona akisukutua kinywa na kuyatema taratibu kwenye shina. Majani yalikuwa yakijikunja na kuanguka, na mimi nilikuwa na hofu ambayo sikumwambia mtu: mwanzi huu ukifa, ule aliojifichia Baba nao utakauka, aonekane.

Haukufa, na Baba naye alirudi. Hayo mawili kwangu yalikuwa jambo moja, na nilijivuna kupita kiasi.

Tulimpokea stesheni. Alikuwa amevaa koti la kaki lililompwaya, na buti. Shavu lake liliponigusa lilikuwa limekauka. Mtaa mzima ulitusindikiza kwa vigelegele mpaka nyumbani, na Bibi alitangulia, mgongo umenyooka siku hiyo. Mimi nilimvuta Baba kwa mkono. Sikutaka akae, sikutaka anywe maji, nilitaka kwanza aone kazi yangu. Tulipoingia uani upepo ukavuma kidogo tu, mashina yakagongana, na mkono wa Baba ukawa mgumu ndani ya mkono wangu. Akauliza nani yuko kule. Watu walicheka, wakidhani anatania. Nikamwambia kwa sauti yangu yote, "Baba, ni mwanzi wa ua."

Aliutazama kutoka chini hadi juu, mashina yote, na giza lililokuwa katikati yake. Kisha akayarudia maneno yangu, lakini aliyasema pamoja, polepole, kama neno moja.

"Mwanzi waua," akasema. "Ndiyo. Waua."

Nilidhani amekubaliana nami. Herufi ni zilezile na sauti ni ileile, mtasemaje kwamba mtoto alikosea? Bibi ndiye aliyeacha kucheka.

Baada ya hapo Baba hakwenda kwenye ile pembe. Choo kilikuwa nyuma ya kichaka, na yeye alitoka nje ya ua akazunguka hadi porini, hata kwenye mvua. Alihamisha kitanda chake chumba cha mbele. Kibanda chake cha kazi kilikuwa wazi, mbao za mninga zimepangwa vilevile alivyoziacha, lakini alikuwa akishika randa na kuiweka. Mara kwa mara alijiandaa kwenda Ipole. Alivaa kanzu safi, akasema anakwenda kuwapa pole wazazi wa mwenzake, Petro, mwana wa mrina asali, aliyefia Bama. Alishika ile njia ya zamani ya wapagazi asubuhi, na adhuhuri tulimwona anarudi, kanzu ina vumbi hadi magotini. Hakufika hata mara moja. Mama aliacha kuuliza.

Ilikuwa mchana wa upepo alipochukua panga. Alianza pembeni, akakata shina kwa shina, bila kupumzika, na jasho lilipomwingia machoni hakulifuta. Mama alikwenda kumwita Bibi. Mimi nilisimama nikalia kwa sauti, nikasema ni ya Babu, ni ya Babu. Bibi alitoka ndani na bakora yake, akasimama karibu sana na panga, mpaka Baba ikabidi ashushe mkono. Nilijua atamkataza. Ule ulikuwa mume wake, umri wake wote.

"Kata," Bibi akamwambia. "Yule amekwisha kufa. Wewe bado."

Akarudi ndani na kufunga mlango. Mwangaluka hakuisema tena, kwa mwanzi wala kwa mtu mwingine.

Mashina yalirundikwa katikati ya ua yakakauka. Mama alitaka kuyapeleka kwa fundi wa majamvi, lakini Baba alikataa lisitoke hata moja, akasema atayachoma yeye mwenyewe. Alasiri moja akawasha. Nilikuwa nimenuna, nimekaa kwenye kizingiti cha jiko, nikitazama mistari yangu ya kijani inageuka myeusi.

Mwanzi wenye uwazi ndani, ukiupasha moto bila kuupasua, hewa iliyofungiwa kati ya fundo na fundo hutafuta njia. Mafundi wote wa mianzi wanalijua hilo. Nyumbani kwetu hakuna aliyekuwa amewahi kuuchoma, tulikuwa tukiumwagilia tu. Pingili ya kwanza ililipuka kwa kishindo kilichorusha kuku ukutani. Ikafuata ya pili, kisha zikawa zinafuatana.

Sikumwona Baba akija. Nilijikuta chini, uso kwenye vumbi, uzito wake wote mgongoni kwangu na mkono wake wa kulia umeziba mdomo na pua. Nilisikia moyo wake unanigonga begani. Alikuwa ananong'ona sikioni, kwa upole sana, sauti ambayo hajawahi kuitumia kwangu hata nilipougua surua. "Tulia, Petro. Tulia, ndugu yangu. Wanapita." Nami nilifurahi. Nataka mlielewe hilo, ndiyo maana naandika. Nilidhani Baba ananikinga na moto, nilidhani hatimaye amerudi kweli, na jina alilokosea halikunisumbua. Baadaye ndipo hewa ilipokwisha. Nikarusha miguu, na kadiri nilivyorusha ndivyo alivyozidi kukaza mkono.

Mama alimvuta miguu, Bibi akampiga bakora mgongoni, na Ramadhani aliyesikia milipuko akaja akichechemea, akamfungua vidole kimoja kimoja. Mimi nilitapika vumbi. Baba alikaa chini akatazama kiganja chake, mbele na nyuma, mpaka moto ukaisha. Ramadhani naye alikitazama kiganja hicho, na nilimwona amejua kitu.

Tangu hapo Baba hakunigusa. Nilipompa shikamoo aliitikia marahaba akiwa ameficha mkono wa kulia nyuma ya mgongo. Nilipochelewa kuamka chumbani, niliona kivuli chake mlangoni. Alisimama akasikiliza, akaondoka. Nilidhani ananichukia kwa sababu ya mianzi. Nilifikiri ameambiwa kwamba mimi ndiye niliyeinywesha ikaishi.

Na mwanzi, kama mnavyoujua, haukatwi ukaisha. Mvua zilipokuja machipukizi yalitoka kwenye visiki, mafupi, manene, yamevaa maganda yao yenye mwasho. Baba aliyakata kila kulipopambazuka. Ikawa ndiyo kazi yake. Sisi tuliamshwa na panga lake badala ya jogoo, na tukilisikia tulijua yuko hai. Aliendelea hivyo mvua hata mvua, hadi kifua kilipomlaza. Hapo Mama akalichukua panga yeye. Alikwenda alfajiri akakata, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, ili mgonjwa asikie kutoka kitandani. Baba akisikia alifumba macho.

Karibu na mwisho aliniita. Nilikuwa nimeshaota meno yote, msichana wa kutumwa dukani. Aliniambia nisogee, nisogee zaidi, kisha akautoa ule mkono wa kulia ndani ya shuka. Nilikaza shingo bila kutaka. Hakunishika. Alikiweka kiganja mbele ya mdomo wangu, wazi, bila kunigusa, kama mtu anayeota moto. Akangoja.

"Unapumua," akasema.

Nikamjibu ndiyo, Baba, napumua. Akaniuliza tena, nikamjibu tena. Nilidhani homa inamchezea, nikataka kucheka, nikaona machozi yake yanaingia masikioni. Alikiacha kiganja pale mpaka mkono ukachoka wenyewe.

Ramadhani alisema siku ya matanga. Aliwaambia Mama na Bibi, na mimi nilikuwa nimelala kichwa kwenye paja la Mama, wakadhani nimesinzia. Alisema kwamba, kabla yeye hajajeruhiwa mguu, walikuwa wamelala ndani ya kichaka cha mianzi, adui wanapita karibu, na Petro alikuwa amepigwa tumboni, analia kwa sauti. Baba akamziba mdomo ili wenzake wote wasiuawe. Adui walichukua muda kupita. Walipopita, Baba aliondoa mkono akamwambia Petro sasa unaweza kulia. Petro alikuwa ameshatulia.

Baada ya arobaini Bibi alivaa baibui lake, akapanda lori hadi Ipole, safari ambayo mwanawe hakuimaliza. Alirudi na kibuyu cha asali. Alichomweleza mama yake Petro, na alichojibiwa, alikwenda nacho kaburini, naye kaburi lake tunalijua lilipo.

Asubuhi iliyofuata matanga Mama aliamka kabla ya jua, akachukua panga kwa mazoea, akaenda hadi pembeni. Nilimfuata. Palikuwa na chipukizi moja lililotoka katika siku zile za msiba, limenifikia kiunoni, ganda limeanza kupasuka na ndani yake manjano yanaonekana. Alinyanyua panga. Kisha akakumbuka kwamba hakuna tena mtu kitandani wa kusikiliza, akaketi kwenye matope na nguo zake za eda, akalia kwa mara ya kwanza bila kusingizia moshi.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo mlangoni pa ukumbi. Nilipotoka, muziki bado unapigwa, yule kijana alikuwa akikunja mpira wake wa maji. Aliniuliza kama sisi watu wa zamani tulikuwa na jina la mmea ule. Nikamwambia tuliuita mwanzi wa ua. Akatazama juu, shingo ameikunja, akauliza, "Sasa ua lake mbona silioni, Bibi?"

Nilitaka kumzungusha mabega kama nilivyozungushwa mimi, lakini pale hapakuwa na ua wa kumwonyesha, palikuwa na magari tu. Nikamwambia aumwagilie, utakua. Nikamwambia na jambo moja zaidi, akaitikia kwa heshima bila kuelewa: siku ukikauka, mjukuu wangu, usiuchome moto.